Shitingi ya Mzazi Juu ya Jakuzi

Hata leo nikiona mtu anafunika kitu kwa shitingi, turubai la plastiki, hasira hunipanda. Mke wangu huniambia niachane nayo, vita vile vimepita. Labda vimepita, lakini ni mimi niliyefunika lile jakuzi kwa mikono yangu.

Lilikuwa beseni kubwa la kuogea, maji yake yakipashwa moto kwa umeme, nyuma ya nyumba ya mzungu mmoja, kando ya ziwa, na kazi yangu ilikuwa kulitunza. Kila asubuhi niliopoa majani na wadudu, nikasugua ute wa kijani, nikatia dawa ya klorini, kisha nikafunika. Kufunika ndiko mzungu alikokazania, maana maji ya moto yakiachwa wazi yanapoa upesi. Kifuniko chenyewe kilikuwa cha sponji nene iliyoshonewa plastiki. Vita vilipokaribia mzungu akavuka kwenda Bujumbura, akaniachia funguo.

Komanda wa wapiganaji aliyeingia nyumbani humo na vijana wake hakuuliza funguo. Vijana wakakikata kifuniko vipande vipande, wakafanya magodoro. Nikawaambia hicho si cha kulalia, wakanicheka. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nikawa nachemsha maji ya ziwa kwenye mapipa na kumjazia. Muda si mrefu komanda akatumbukiza mguu, akasema maji yamepoa, yana majani, na kosa ni langu. Langu mimi, na kifuniko wamekilalia wao.

"Tafuta ya kufunika," akasema. "Kwako iko nini?"

Kwangu, mtaani Kilibula, mabati yalikuwa yameibwa. Chumba tulikiezeka kwa shitingi ya bluu, ile ile tuliyomtandikia mke wangu siku ya kujifungua. Chini yake alilala yeye na mtoto wetu wa kwanza, mchanga kabisa. Nilimwambia komanda kwamba kuna mtoto mchanga. Aliwatuma vijana, wakafungua kamba mke wangu akiwatazama. Mvua ikanyesha, mtoto akalowa, akaanza kukohoa. Asubuhi nikaifunga shitingi yangu juu ya jakuzi lake, tena kwa mafundo mazuri, kwa sababu kijana mmoja alikuwa amenielekezea bunduki mgongoni. Nilijiona mpumbavu.

Mama yangu alikuwa ameshuka kutoka milimani Mulenge kumkanda mzazi. Hakulia. Aliniuliza tu kama wale watu wanavaa dawa ya vita. Nikamwambia ndiyo, wana hirizi za kuzuia risasi, na miiko yake ni mikali: hata chakula hawapokei mkononi mwa mwanamke. Akajifunga kitenge vizuri, akanifuata kazini.

Tulimkuta komanda amekaa ndani ya maji mpaka kidevuni, shitingi imefunika nusu ya jakuzi. Mama akamsalimia kwa adabu.

"Komanda, minye sikuje kugombana. Nakuja kukuambia tu. Hii shitingi, muke ya huyu mutoto wangu alizalia juu yake. Mvuke unapanda, unaigusa, unaanguka tena mu maji. Na weye uko ndani."

Sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Alitoka uchi, akajipangusa kwa mchanga, na vijana wake wakarudi nyuma wasije wakamgusa, damu ya uzazi ikaharibu na hirizi zao. Yeye aliyemvua mtoto paa bila kupepesa macho alikuwa anatetemeka juani. Akapiga kelele tuiondoe hiyo shitingi, tuipeleke mbali.

Mama akaikunja bila haraka.

"Mama," komanda akasema, sasa kwa sauti ya chini, "iko namna gani ya kusafisha hii?"

"Uniulize kwanza mutoto aliamuka namna gani."

Komanda akatazama hirizi kifuani mwake. Kisha akageuka, akawaagiza vijana wamwite mganga wake, mbio.

Tuliirudisha shitingi juu ya chumba siku ile ile. Mwanangu sasa ni mtu mzima, na mvua zikianza bado anakohoa. Hakuna aliyekuja kuuliza aliamkaje.