Kutoka Buyenzi Hadi Kigobe kwa Miguu Yangu

Nilikimbia kwa sababu mke wangu alinikatalia jambo. Mtu asije akawadanganya kwamba Mzee Shabani wa gereji alipenda michezo. Michezo siijui. Shule niliacha darasa la pili, kusoma nilijifunzia kwenye makopo ya oili, na gereji yangu ya Buyenzi niliijenga kwa mikono hii. Mtu wa namna yangu hakimbii ovyo.

Mke wangu, Mama Hawa, ngozi yake ilikuwa inakakamaa na kubanduka magamba kwenye viwiko, magoti na vidole. Tulipaka mawese, tukapaka dawa za masheikh, tukapaka hata grisi ya gereji, na hiyo ndiyo iliyomtuliza kidogo. Majirani wakaanza kumsalimia kwa mbali. Akajifunika, akawa hatoki ila kwa matanga.

Basi kulikuwa na Dokteri Spesi, binti wa Mutanga Nord, ambaye gari lake nalitengeneza mimi. Akanieleza kuwa ule si ukoma, hauambukizi, wala si jicho la mtu. "Lakini mzee," akasema, "vitabu tulivyosomea vina picha za ngozi za Wazungu. Ngozi zetu nani amezichunguza?" Yeye na wenzake wakapanga mbio ndefu, kutoka mjini kupanda hadi Kigobe: kila mkimbiaji atafute watu wa kumchangia, na michango iende kwenye uchunguzi huo. Akataka pia wagonjwa wa kuanza nao.

Mama Hawa akakataa katakata. "Nivue nguo waniangalie kama mbuzi wa sokoni? Apana."

Nikamwambia: basi mimi nitakimbia kwa ajili yako. Akacheka mpaka akakaa chini. "We, Baba Hawa? Hata msikitini unaenda na baiskeli! Sikiliza. Ukifika Kigobe na miguu yako, bila kubebwa na gari wala mutu, mi nitaenda kwa dokteri. Ukibebwa, usinitajie tena."

Nikakubali palepale. Mimi nikishasema, nimesema.

Saa moja asubuhi tulikuwa mjini, tumetoka Buyenzi kwa miguu. Usiku kulikuwa na milio ya bunduki huko milimani, lakini kulikuwa kumetulia, na wakati ule kukitulia watu wanaendelea na kazi zao. Nyuma yangu walisimama vijana wa Buyenzi, wale wanaokimbia kila Jumapili kwa kuimba na kupiga makofi, hatua moja wote. Sheria yao ni kwamba mzee akiwa mbele hapitwi. Bwana mmoja mwenye filimbi akatuambia hizi ni mbio, kila mtu akimbie peke yake. Idi, fundi wangu wa rejeta na kiongozi wa nyimbo, akamjibu: "Anayekimbia peke yake ni mwizi." Filimbi ikalia. Wakimbiaji wengine, wengi wao wanafunzi, wakatoka kama wamefukuzwa na nyuki. Sisi tukaanza na wimbo.

Kwenye daraja la Ntahangwa tuliharibu biashara ya watu. Miaka ile, ukiona kundi linakuja mbio huulizi, unakimbia. Mama mmoja muuza parachichi alituona, akabeba beseni lake kichwani, akakimbia mbele yetu mwendo mrefu, na alikuwa na mbio kuliko sisi. Mwisho akageuka, anahema: "Wanapiga wapi?"

"Hawapigi, mama," Idi akasema. "Ni michezo."

"Michezo!" Akalitua beseni. "Na we mutama, muzee mzima, na mvi zako! Huna wajukuu wa kukuzuia?" Alitutukana mpaka tukapotea machoni pake. Hata askari wa bariyeri, kile kizuizi cha njiani, alicheka, akatuinulia kamba.

Mutanga Nord ni mageti na maua. Tangu vita vianze sikuwa nimepanda huko. Wa chini tuliwaogopa wa juu, na wa juu walituogopa sisi. Tulipofika, mageti yalifunguka kidogo, macho yakatoka kwanza, halafu watu, halafu maji kwenye majagi. Bibi mmoja alinimwagia kichwani bila kuniuliza. "Komera, mutama!" akasema, yaani jikaze. Nikajikaza.

Mlima wa Gihosha sitausifu. Goti moja lilianza kulia kama bawaba kavu, na paja likakaza. Idi akanisogelea. "Mzee, nikushike mukono kidogo?"

"Ukinishika nitakung'oa sikio."

Akarudi nyuma akaimba kwa sauti ya chini. Wote wakapunguza hatua, wakajifanya nao wamechoka.

Kigobe tulifika wanafunzi wameshaoga, wanakunywa Fanta. Niliiona kamba ya mwisho, nikamwona Dokteri Spesi akiruka juu. Hapo vijana wangu wakaharibu. Kwetu Buyenzi mtu akifanya jambo kubwa, awe bwana harusi au mtu aliyerudi kuhiji, anabebwa mabegani. Furaha iliwazidi. Kabla ya kamba wakaninyanyua!

"Nishusheni, mbwa nyie!" Wakadhani nashangilia, wakaimba zaidi. Nikavushwa kamba nikiwa hewani, nawapiga ngumi vichwani.

Waliponiweka chini niligeuka nikaanza kurudi nilikotoka. Bwana wa filimbi akanikimbilia: "Mzee, imetosha, umefika!"

"Mi sijafika. Miguu yangu iko kule."

Nilirudi mpaka pale waliponinyakua, nikakimbia upya, peke yangu, nikichechemea. Kamba ilikuwa imeshafunguliwa. Dokteri Spesi akaishika ncha moja, mwanafunzi mmoja ncha nyingine, wakaninyooshea. Uwanja mzima ukapiga makofi. Nilipita na kifua mbele.

Mimi, Idi na wengine waliotosha tuliteremka na gari la dokteri, lakini habari zilitutangulia. Mama Hawa alikuwa amesimama mlangoni. "Nimesikia ulibebwa."

Wote tukasema kwa pamoja. Akanyamazisha watu, akamtazama Idi. "Ni we ulimubeba?"

"Ni mi, mama."

"Na alirudi kukimbia?"

"Alirudi."

"Alisimama njiani?"

"Mara moja tu, mama. Kunitukana."

Akabana midomo asicheke. Kisha akamgeukia dokteri: "Chumba chako kiko na mulango wa kufunga?"

"Kiko, mama."

"Na ni we mwenyewe utaniangalia?"

"Mi mwenyewe."

"Bon. Kesho." Halafu kwangu: "Na we uende kuoga."

Nilichojifunza ni hiki: anayekupenda anaweza kukubeba mpaka akuharibie, na lazima umwambie akushushe. Mimi mwenyewe nilikuwa nasahau. Kesho yake nilimsindikiza Mama Hawa, nikataka kuingia naye nimweleze dokteri ugonjwa wote, maana mimi naujua. Mke wangu akanisukuma kifuani kwa vidole vyake vile vyenye magamba, mbele ya watu wote waliopanga foleni, akafunga mlango.