Kangaga Chini ya Mshokishoki

Mama alikwisha kuja kukaa kwangu mara mbili, na mara zote mbili hakufikisha Ijumaa. Tangu baba afariki alikuwa akiishi peke yake Mgogoni, magoti yamechoka na njia ya kisimani inateleza, ilhali mimi huku Chake Chake nina maji ya bomba na chumba kisicho na mtu. Kila alipojifunga buibui kurudi kwake, hoja yake ilikuwa ile ile: "Nyumba yako nzuri, mwanangu, sina la kusema. Lakini nikiamka n'fanye nini humu? Nitazamane na kuta?"

Basi nikaazimia kumwandalia kitu cha kuamkia. Nyuma ya jiko langu, chini ya mshokishoki, pana kona isiyofikiwa na jua, na maji tunayotawadhia hupitia hapo. Nikaenda Mgogoni, nikachimba shina la kangaga kando ya kisima chetu, lile ambalo mama alizoea kulipunguza majani kila alipoteka maji. Ni mmea usiopukutika. Kiangazi na masika ni kijani kibichi, wala hauna ua wala mbegu. Nimefundisha biolojia miaka mingi, na nakiri kwamba makangaga nimeyachora ubaoni zaidi ya nilivyowahi kuyagusa.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Jirani aliniletea pakacha la makonyo mabichi, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, nami, kama Mpemba yeyote, niliamini kwamba kitokacho kwenye mkarafuu hakidhuru. Nikayatandaza yote juu ya mizizi ili udongo usikauke. Kona ikanukia kama chumba cha bibi harusi, nikajisifu.

Siku ya tano majani yalikuwa yamejikunyata, rangi ya chai. Siku ya sita kaka yangu akamleta mama, na kibegi chake kidogo, kwa ahadi ya wiki moja tu.

Nilikusudia kumweka mbali na kona ile, lakini adhuhuri iliadhiniwa, naye akatoka nyuma kutawadha.

"Hili si la kisimani kwetu?"

"Ndilo, mama."

Akaokota konyo moja, akalinusa, kisha akacheka hata akashika ukuta. "Wallahi umelipika! Mwalimu mzima! Hebu nambie, jino likikuuma watia nini?"

"Karafuu."

"Ili iweje?"

"Lipate ganzi."

"Haya. Na hii mizizi michanga, nayo ilikuwa yaumwa jino?"

Nikamwambia tulitupe, nitamletea jingine. Akanitazama kana kwamba nimesema tumtupe mtu. "Lingali na roho. Niletee ndoo, na makumbi ya nazi."

Akaketi juu ya kigoda, akayazoa makonyo yote, akauosha udongo kwa ndoo nne za maji, akakata majani yaliyokufa na kuyatandika makumbi mahali pake. Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya alfajiri, nilimsikia akiligombeza: "Weye wanitia aibu. Miye n'mekuacha kisimani mzima, na hapa wajifanya mwana wa mjini." Wiki ikapita. Kaka akapiga simu kuuliza aje lini kumchukua. Mama akamjibu kwamba ana mgonjwa, hawezi kuondoka.

Nilifurahi, na papo hapo nikaingiwa na hofu, maana mgonjwa akipona muuguzi huaga. Asubuhi moja, nikitawadha, nikaliona: jani jipya, limejiviringa kama mkia wa kinyonga, limechomoza katikati ya makumbi. Nasema kweli, mkono wangu ulikwenda kulifunika.

"Liache lipumue," mama akasema nyuma yangu. "Miye n'meliona tangu juzi. Hebu nipigie kaka yako."

Nikapiga, nikampa simu, nikasimama pale na miguu yangu imelowa.

"Njoo Jumamosi," akamwambia, nami nikainamisha kichwa. "Njoo na mbuzi yangu ya kukunia nazi. Hii ya dada yako meno yameisha, wala sijui alikuwa akitupikia nini. Na godoro langu. Na sanduku, lote."

Akanirudishia simu, akaelekea upande wa bomba kutazama kama na huko pana kivuli cha kutosha.