Uji Huwa Mwepesi Kabla ya Mavuno

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka vizuri. Lakini kabla sijaianza, nitenganishe mambo mawili ambayo ninyi vijana mnayachanganya kila siku: niliyoyaona na niliyoyasikia. Niliyoyaona ni mwanamke akiweka ufunguo mkekani, mchele ukiingia dukani kwa mlango wa mbele, na uji ukimiminwa katika kikombe cha bati. Niliyoyasikia ni kwamba mchele ule uliibwa. Nitakueleza yote mawili, ila nitakuambia kila mara ni lipi ni lipi.

Naandika kwa sababu Jumapili iliyopita, baada ya Misa, ulinisimamisha getini. "Shikamoo, babu. Mimi mwaka huu sitoi mavuno." Nilipokuitikia nikakuuliza sababu, ulinionyesha simu. "Ona mwenyewe kwenye grupu. Wanasema vitu vyote vinaishia mikononi mwa watu." Nikakuuliza, akina nani wanasema? Ukacheka: "Babu nawe! Si wanasema tu!" Sikukujibu pale. Jibu langu lilikuwa refu kuliko muda ambao magoti yangu yangeweza kusimama juani.

Sisi wa Kariakoo hatuna mashamba, wala hatukuwa nayo nilipokuwa kijana. Hata hivyo, tangu nipate akili, parokia yetu imekuwa na Jumapili moja ya Mavuno kila mwaka, na kila mtu hupeleka altareni kile ambacho mwaka umempa. Muuza vitunguu alileta vitunguu. Fundi cherehani alileta magauni ya watoto. Sisi wenye mishahara, ambao mwaka hautupi kitu cha kushika mkononi, tulinunua mchele tukaubeba kichwani kwa maandamano kama wakulima wa kweli, huku wapiga ngoma wakitutangulia. Baada ya Misa, vinavyoharibika vilinadiwa uwanjani, na kilichopatikana kilimsaidia katekista, kikampeleka padre kwa wagonjwa, na kikazika watu waliofia mjini bila ndugu. Vinavyokaa viliwekwa ghalani, na ghala lile ndilo lililolisha wagonjwa wa mitaa yetu mwaka mzima. Kwa nini mara moja tu kwa mwaka? Sijui aliyepanga hivyo. Najua tu kwamba ghala likijaa siku moja, lazima lipungue siku zinazobaki.

Ufunguo wa ghala ulikuwa kwa Mama Koleta. Alikuwa mjane, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa sauti, na khanga yake ilinuka moshi wa kuni wakati wote. Yeye ndiye aliyewapikia wagonjwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi, wiki chache kabla ya Mavuno. Jumuiya yetu ilikutana uani kwa Bwana Gaudensi, mfanyabiashara wa vitunguu sokoni, mtu mkarimu ambaye ulimi wake haukuwa na breki. Tulipomaliza sala tukafika kwenye mipango ya Mavuno. Gaudensi akakohoa.

"Mimi mwaka huu nitaleta kiberiti," alisema.

Watu wakacheka.

"Msicheke. Kuna mtu wangu wa sokoni kaona mchele wetu, mchele wa Bwana huo, unaingia dukani kwa Mwinyi. Na aliyeubeba tunamjua. Sasa nilete gunia ili Mwinyi aliuze?"

Mama mmoja akasema hata yeye amesikia. Mwingine akasema ameambiwa na jirani. Katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, mchele mmoja ulikuwa umeingia maduka matatu. Nami, mwalimu kijana niliyetoka chuoni karibuni, nilitikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu aliyeshuhudia.

Hapo Mama Koleta akaingia. Alikuwa amechelewa kwa sababu alitoka kupeleka uji. Uani pakanyamaza, na ukimya wa namna ile humweleza mtu kila kitu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele, amina," tuliitikia, kila mmoja akitazama miguu yake.

Alitutazama mmoja mmoja. "Mnanisema mimi. Ni ule mchele? Hata mimi nimeyasikia." Akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo, akauweka mkekani mbele ya Gaudensi. "Mngeniuliza mimi. Mmeulizana ninyi kwa ninyi. Haya, ghala hilo. Ila nani ataamka Jumatatu awashe moto? Maana kuna watu wanamngoja mtu mwenye sufuria, hawaingojei kamati."

Hakuna aliyeugusa ufunguo. Kama angeondoka pale, mwanangu, hakuna ambaye angeamka Jumatatu. Hilo nalisema kwa sababu nilizitazama nyuso zetu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Anselimu, karani wa mahakama aliyestaafu, mkavu kama ubao. Alivua miwani.

"Katika ninyi, aliyemwona Mama Koleta akiuza mchele, asimame."

Hakusimama mtu.

"Aliyeongea na aliyemwona?"

"Mzee, mimi yule mtu wangu..." Gaudensi alianza.

"Yupo hapa?"

"Hayupo, yuko sokoni."

"Basi na maneno yake yako sokoni. Mama Koleta, chukua ufunguo wako. Hajapatikana bado mtu wa kukunyang'anya." Kisha akanigeukia. "Bwana mdogo. Nimekuona unatikisa kichwa. Ulikuwa unasikitikia nini?"

"Habari hii, mzee."

"Habari uliyoiona?"

Nikaanza kukunja ukingo wa mkeka.

"Umesomeshwa ili utofautishe, halafu unatikisa kichwa pamoja na upepo. Shule yenu iko likizo. Jumatatu utamsindikiza Mama Koleta tangu ghalani hadi kwa mgonjwa. Utabeba, hutauliza maswali. Jumamosi utatuambia ulichokiona. Ulichokiona tu."

Jumatatu nilifika ghalani mapema. Niliyaona magunia yaliyobaki: la mchele moja, nalo lilikuwa limelegea, na mengine yote yamekunjwa vizuri pembeni. Tulijaza kikapu mchele, nikakibeba. Tukaenda moja kwa moja dukani kwa Bwana Mwinyi. Ndiyo, mwanangu. Yule mtu wa sokoni hakusema uongo. Mchele uliingia dukani mchana kweupe, na mimi ndiye niliyekuwa nimeubeba.

Bwana Mwinyi, mzee wa mjini hapo aliyezaliwa mtaa wa Gerezani, alikuwa amekaa nyuma ya mizani na kofia yake nyeupe.

"Koleta! Leo umekuja na askari?"

"Shahidi huyu, mwalimu wetu. Wenzangu wanasema nakuuzia mchele wa kanisa."

"Wewe uniuzie mimi? Kwa ubahili wako huo?" Alicheka mpaka akashika kaunta. "Mwalimu, shikilia mizani usije ukasema nimeibia Wakristo."

Akaupima mchele. Kisha akapima unga wa uji, akaongeza sukari na mche wa sabuni mpaka thamani ikalingana. Pesa sikuiona ikipita mkono wowote. Tulipokuwa tunatoka alituita, akatupa mche mwingine wa sabuni ndani ya kikapu bila kuuhesabu, akajifanya anafukuza nzi. Hayo niliyaona.

"Mgonjwa mwenye vidonda mdomoni hali wali," Mama Koleta aliniambia njiani bila mimi kuuliza. "Ninyi kila mwaka mchele, mchele, mchele. Mnapenda unavyopendeza altareni."

Alipika uani kwake, tukavuka viwanja vya Mnazi Mmoja hadi mtaa wa Mchafukoge. Katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya kupanga alilala Mzee Chilumba, mtu wa kusini, aliyekuwa mbeba mizigo bandarini mpaka mgongo ulipomkataa. Mabega yake bado yalikuwa mapana, ila hayakuwa na nyama. Dini yake sikumwuliza, wala sikumsikia Mama Koleta akimwuliza, kwa hiyo mpaka leo siijui.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Mwalimu. Amekuja kujifunza kumimina."

"Mikono laini hiyo! Angalia usinichome, mwalimu. Mimi nimebeba meli nzima, nisije nikafa kwa uji."

Nilimimina. Uji ulitoka haraka kama maji, ukapiga kitako cha kikombe kwa kelele. Mzee akaukoroga mara moja, akautazama, akatabasamu.

"Mavuno yenu yamekaribia, eh?"

"Umejuaje, mzee?" nilimuuliza, nikisahau kwamba nimekatazwa maswali.

"Najua kwa uji. Mkishavuna, unakuja mzito, kijiko kinasimama. Halafu unapungua, unapungua. Ukifika hivi, najiambia: vumilia, Chilumba, watu wa Koleta wako karibu kuvuna."

Aliunywa wote. Mama Koleta alimfulia shuka kwa sabuni ya Bwana Mwinyi. Mimi nilisimama mlangoni na sufuria tupu, nikifikiria kiberiti cha Gaudensi.

Jumamosi nilitoa ushahidi wangu. Nilieleza mizani, unga na sabuni. Kisha nikachangamka, kwa sababu sasa nilikuwa upande wa Mama Koleta, nikaongeza: "Na tena, Bwana Mwinyi kila Ramadhani huwapelekea wagonjwa maziwa na..."

Mzee Anselimu akainua kidole. "Hayo uliyaona?"

"Aliniambia Mama Koleta, mzee."

"Basi yaache. Mwema naye hatetewi kwa tetesi."

Mwanangu, nimekaripiwa mara nyingi maishani, lakini karipio lile bado linaishi nami. Nilidhani kusikia ni kubaya pale tu kunapomchafua mtu. Mzee hakutaka hata sifa isiyo na macho.

"Neno la mwisho," alisema. "Uji ulikuwaje?"

"Mwepesi."

"Nani alikuambia?"

"Nimeumimina mwenyewe."

Nikawaeleza jinsi Mzee Chilumba alivyojua kalenda yetu kwa kutazama kikombe. Gaudensi aliinamisha kichwa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Hatimaye akasema, "Mama Koleta, nisamehe. Mimi mdomo wangu unatangulia, mwili unafuata baadaye."

"Nimekusamehe. Ila Jumatatu kikapu utabeba wewe."

"Na mgongo huu?"

"Magunia ya vitunguu unabeba kwa mgongo wa nani?"

Tulicheka sote, hata Mzee Anselimu alivaa miwani yake haraka kuliko kawaida kuficha kicheko. Siku ileile akaweka utaratibu mpya: mtu yeyote wa jumuiya, kwa zamu, afuatane na sufuria, na kila mwaka kabla ya Mavuno Mama Koleta asimame kutueleza vitu vyetu vilikwenda wapi. Mama Koleta alikubali papo hapo. Alisema angetueleza zamani kama kungekuwa na mtu wa kuuliza.

Jumapili ya Mavuno Gaudensi alileta unga wa uji, magunia, akiyaburuta kwenye mkokoteni mpaka kwenye ngazi za kanisa. Wakati wa mnada alinunua jogoo, akapaza sauti, "Narudisha!" Jogoo akanadiwa tena. Fundi cherehani akamnunua, naye akasema: "Narudisha!" Jogoo yule aliuzwa mpaka akachoka kuwika, na hakuna aliyekwenda naye nyumbani ila padre.

Wengi wa watu wale wametangulia. Uani kwa Gaudensi pamesimama ghorofa la maduka, na mahali pa mkeka ule panauzwa vifuniko vya simu. Nikipita pale husimama kidogo, wachuuzi hudhani nataka kununua.

Sasa nasaha yangu, nami naitoa wazi. Toa kila mwaka, hata kidogo, na utoe mapema kabla hujaombwa, kwa sababu njaa ya mgonjwa haina msimu ila uji wake unao. Toa kinachomfaa anayepokea, usitoe kinachopendeza mbele ya macho ya watu. Ukiwa na shaka, shaka si dhambi. Muulize mwenye ufunguo mbele ya wenzako, na umwombe aeleze. Anayetunza mali ya maskini ana wajibu wa kujibu, nawe una wajibu wa kumuuliza yeye, si kuiuliza simu. Ukiona kosa kwa macho yako, lisimamie, nami nitasimama pamoja nawe. Lakini usimnyime mtu kikombe chake kwa sababu ya "wanasema". Zamu ya sufuria bado ipo. Jumatatu ijayo ni yangu, na mikono yangu sasa inatetemeka. Njoo unisaidie kumimina.

Mungu akupe macho yanayofika mbali kuliko masikio yako. Akupe mwaka wenye kitu cha kushika mkononi, na moyo wa kusema "narudisha". Bikira Maria akusindikize katika mitaa hii kama alivyotusindikiza sisi.

Kuhusu Mzee Chilumba, wengine walisema baadaye alipata nafuu akarudi kwao kusini, na wengine walisema sivyo. Sikumwona akiondoka, kwa hiyo sisemi. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba Jumatatu iliyofuata Mavuno yale nilirudi Mchafukoge na sufuria. Niliinamisha, uji ukashuka taratibu, mzito, bila kelele, na yeye akachukua kijiko akakisimamisha katikati ya kikombe. Kilisimama.