Wati Tatu za Kumpelekea Dada

Mume wangu hutengeneza amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo juu. Kila upande valvu moja tu, na nguvu yake haizidi wati tatu. Redio yangu ya jikoni inaishinda kwa kelele. Ndiyo maana ana sharti lake: hampi mtu amplifaya kabla yeye mwenyewe hajaenda nyumbani kwa mtu huyo kusikiliza spika zake. Hizi za kisasa, anasema, zinataka nguvu nyingi. Yeye anataka za zamani, zenye sanduku pana na karatasi nyepesi ya kutolea sauti, zinazoitika hata kwa nguvu kidogo. Wateja wanalisifu sharti hilo. Mimi nimeishi nalo miaka ishirini na sita na nimelichoka.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea walipofiwa na mama yao. Hata chuma chake cha kwanza cha kulehemu alinunuliwa na yeye. Siku alipoomba amplifaya, bwana wangu alikwenda nayo, akazikuta spika ndefu, nyembamba, zenye besi ya kutetemesha sakafu mpaka vikombe kabatini.

"Dada, hizi si spika," alisema mbele ya wageni. "Ni mashine za kusaga."

"Na hiyo yako si amplifaya," wifi akamjibu. "Ni taa ya kulalia."

Watu wakavunjika mbavu. Mume wangu kutania anajua, kutaniwa hajui. Alibeba kitu chake akarudi nyumbani, na akanuna miaka minne.

Katikati ya miaka hiyo wifi alituma ujumbe: "Nimebadilisha spika. Njoo uzisikilize." Ukaja wa pili, ukaja wa tatu.

"Amezivisha kitambaa kipya tu," mume wangu alisema. "Namjua."

"Nenda hata kumsalimia."

"Usiniingilie kazi yangu."

Nikaacha. Hilo nalo sijisamehe.

Juzi shemeji, mume wa wifi, alipiga simu. Wifi alikuwa ametoka hospitali baada ya miezi mitano. Dawa zilikuwa zimemponya kifua na kumwondolea masikio, yote mawili. Mume wangu aliinuka pale pale akaanza kufunga amplifaya kwenye blanketi. Nilitaka kumwuliza anaipeleka kwa masikio gani, ila alikuwa ameshaishika upande mmoja, nikashika upande wa pili tukabeba.

Kwa wifi tulikuta spika za zamani kweli: masanduku mapana, karatasi nyepesi.

"Zile ndefu alizitoa ili apate hizi," shemeji alituambia. "Alisema mdogo wake atazipenda."

Mume wangu aliunganisha nyaya. Alisubiri valvu zipate moto, akaweka muziki. Mimi si mtu wa mambo hayo, lakini sauti ile ilikuwa safi mpaka nikasahau kukaa. Hakuwahi kupata spika zilizoendana na kazi yake namna ile, na alijua. Niliona alivyouma midomo.

Wifi alisogeza kiti, akaweka viganja viwili juu ya sanduku. Akangoja. Mume wangu akazungusha kitufe mpaka mwisho. Zile spika ndefu, kwa amplifaya kubwa aliyokuwa nayo wifi zamani, zingemfikishia mtetemo hata nyayoni.

"Mdogo wangu," wifi alisema kwa sauti kubwa mno, akimtazama usoni, "bado hujawasha?"