Kengele ya Tanki la Maternité

Mwanangu, kuna siku moja ya huko Pinga ninayoikumbuka hata nikiwa katikati ya chakula. Ilikuwa miaka ya vita, nami nilikuwa nimetoka kupata diploma ya masomo ya jioni, kichwa kimevimba hata kofia inakataa kuingia.

Mama Kahindo, mukubwa wa maternité, nyumba ya kujifungulia, aliniomba kengele ya kumwonya maji ya tanki yakipungua, maana njia ya mtoni ilikuwa na risasi. Nikafunga boya kwenye kamba, kamba kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka, nyaya mbili zinapokezana ishara. Inayotangulia ndiyo inayokuambia kama maji yanapanda ao yanashuka. Ubongo wa mashine, kachip kadogo kama ukucha, nikauamuru utazame zile nyaya usiku na mchana bila kupepesa. Nilijisifu hadi watu wa Masisi wakanisikia.

Siku ya tatu, kwa kukesha huko, betri ikafa. Kengele kimya, tanki kavu, na ndani mama mmoja anajifungua. Mama Kahindo akatoka kuomba maji, mtaa mzima ukaja mbio na mabido, yale madumu ya maji. Bido la kwanza kufunguliwa lilikuwa la kasiksi. Ilibaki kidogo tu mutoto aoshwe kwa pombe ya ndizi.

Mutoto alipolia salama, Mama Kahindo alinishika mkono hadi portail, langoni, kwa Papa Bahati, sentinelle anayelinda. Mgonjwa akiingia, mzee huyo alichora mstari wa makaa ukutani. Mmoja akitoka, alifuta mmoja.

"Docteur iko wapi?" Mama akaniuliza.

"Iko analala, Mama."

"Mistari ikifika kumi, vitanda vimejaa, njo Papa anamwamsha. Weye, kaka, ulisimamisha docteur ku portail ahesabu wagonjwa."

Nilirudi kwenye kitabu cha kachip kangu, ukurasa niliouruka kwa majivuno. Kumbe ndani mlikuwa na kipima-muda kinachokula umeme kama sisimizi anavyokula ugali. Chenyewe kinasoma nyaya zote mbili, kinaongeza, kinapunguza, ubongo umelala. Namba niliyopanga ikifika, kinauamsha, na kengele inalia. Betri ilidumu hadi nikasahau nilikoiweka.

Basi, mwanangu, akili yako kubwa usiikesheshe kwa kazi ya kuhesabu. Mtafute wa portail, mwamini, mwambie ni lini akuamshe. Na bido la jirani, linuse kwanza.

Mungu akupe usingizi mzito, na anayekulinda asisinzie.