Mpaka Aliouonyesha Mkwe

Kwa nini mwanamume awaonyeshe wapimaji wa serikali mpaka unaomeza shamba la mama mkwe wake? Swali hilo lilinitoa Dar es Salaam. Nilikuwa nimemaliza chuo, naandikia gazeti, na habari iliyotufikia, kwamba watu wa milimani wameitoa ardhi yao kwa hiari iwe msitu wa serikali, na kwamba mkwe mmoja ndiye aliyeuonyesha mpaka, sikuisadiki.

Morogoro nilishuka garimoshi mvua ikinyesha. Kesho yake nikapita Bigwa, nikapanda Uluguru kwa njia ya utelezi. Wanawake waliobeba ndizi waliitikia salamu yangu kwa shingo upande; kwa kanzu ile ya pwani walinidhani mtu wa akida, mtawala wa eneo aliyewekwa na Wajerumani.

Alasiri nilifika kwa Bibi Mwanahamisi, mkubwa wa ukoo. Huko ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume huja na jembe lake, akalima kama mgeni. Lakini Wajerumani walimwita mwanamume wa nyumba awaonyeshe mpaka, naye ni Kibwana, mkwewe. Sasa vigingi vya mpaka vilisimama juu kidogo ya nyumba, na shamba la mahindi lililoko mlimani likawa la serikali. Kulivuna ni kiboko.

“Andika, mwanangu,” alisema. “Andika tumeuzwa na mgeni tuliyemlisha.”

Nikamwuliza kama amemsikiliza mwenyewe. Akanitazama kama mtu asiyefunzwa. Mkwe hasemezani na mama mkwe. Hata njiani humpisha porini.

“Nimsikilize kwa sikio la nani?”

Nikajitolea. Kibwana nilimkuta uani akifunga mkeka na jembe. Mkewe alikuwa ameambiwa achague, mume au ukoo, na alikwisha kuchagua.

“Nikikueleza, Mwalimu, utaandika?”

“Ndiyo kazi yangu.”

“Na akida husoma gazeti?”

Nikamwambia husoma, na mabwana zake husomewa.

“Basi sina neno.”

Alfajiri nikateremka. Yeye alikwisha kutangulia. Garini niliandika kwamba mwenye hatia hunyamaza, nikaona nimejifunza jambo.

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokwisha, Kibwana akiwa amekwisha kufia upagazini, nilikutana mjini Morogoro na mtu aliyekuwa akiwashikia wapimaji wale mnyororo wa kupimia. Alinieleza kuwa mpaka ulikusudiwa kupita chini, kijitoni, uchukue shamba, nyumba zote na makaburi ya ukoo. Kibwana akaapa uongo mbele ya kiboko kwamba mpaka wa zamani uko juu, penye mwamba. Wakamwamini, wakavihamisha vigingi.