Paka wa Chumba cha Mzazi

Kabla ya mwaka ule sikuwahi kuogopa sauti ya paka. Nafundisha Kiingereza sekondari mjini Iringa, na muhula ule kidato cha kwanza walikuwa wanajifunza milio ya wanyama: mbwa, simba, punda, chura. Binti mmoja wa dawati la mbele, mtundu wa maswali, akaniuliza kama Waingereza wana neno la paka anapolia juu ya bati kama mtoto anayefinywa. Sikulijua. Nikamwambia nitamjibu kesho, nikarudi nyumbani nikapekua kamusi mpaka nikalipata: caterwaul. Ndivyo anavyolia paka anayetaka mwenzake, akipandisha na kushusha sauti bila aibu. Kesho yake nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa, na kusema kweli nilijiona bingwa. Wiki nzima nilitembea na neno lile kama mtu mwenye viatu vipya.

Shule zikafungwa mwezi wa sita, nikapanda basi kwenda Uyole, nje kidogo ya Mbeya, ambako mdogo wangu alikuwa amejifungua. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, siku kumi na moja tu. Mumewe ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Aliyekuwa akimhudumia mzazi ni mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, mwanamke wa kauli chache na mikono isiyotulia. Mimi nilikwenda kumpokea kazi.

Baridi ya Uyole mwezi huo haina utani. Ukungu unashuka na kukaa juu ya mashamba ya viazi, na siku nyingine hauondoki kabisa. Kwetu mzazi na kichanga hawaachwi wapigwe na baridi. Dirisha la chumba chao lilikuwa limefungwa, nyufa zimezibwa kwa vipande vya khanga kuukuu, na chini ya mlango pamelazwa gunia. Kila mchana jiko la mkaa liliingizwa ndani. Linawashwa nje, linapepewa, linasubiriwa mpaka mkaa wote uwe mwekundu na moshi uishe, ndipo linaingia. Tuliogopa moshi. Jiko lisilo na moshi tulilihesabu kuwa salama, na hivyo ndivyo tulivyolelewa sote. Paka wa nyumba, jike la kijivu lililofugwa kwa ajili ya panya wa mahindi, naye alikuwa amehamia humo. Alilala karibu na jiko tangu kuwashwa hadi kutolewa.

Siku ya tatu ya kukaa kwangu, mdogo wangu alikataa chakula.

"Dada, kichwa kinanigonga tangu jana," akasema.

Nikamwambia ni uchovu wa kunyonyesha, nikamletea uji. Nikamshika mtoto miguu, nikaona ni ya baridi. Kwa hiyo mchana ule jiko niliwasha mimi mwenyewe, na nikalijaza mkaa kuliko siku zote. Nilisubiri moshi uishe. Niliinama nikanusa kabisa, nikaridhika, nikaliingiza.

Mama mkubwa na mimi tulikaa kwenye banda la kupikia, nje, tukichambua maharage. Ilikuwa kama saa tisa, ukungu bado uko mlangoni. Paka akaanza kulia mle chumbani. Kwanza chini chini, halafu sauti ikapanda, ikavutwa, ikakatika katikati kama ya mtu aliyezibwa mdomo, kisha ikaanza upya. Ngozi yangu ilisisimka, na sikutaka mtu ajue.

"Hii paka inalia vibaya," mama mkubwa akasema. "Ikilia hivi kwa kichanga, kuna mtu ameituma."

"Hajatumwa na mtu, mama mkubwa. Anatafuta mume."

Nikamweleza neno langu la kwenye kamusi, nikamwiga hata paka mwenyewe. Alicheka kidogo, lakini mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. Mle ndani paka alianza kukwaruza mlango.

"Itoe hiyo kitu, itaamsha mtoto," akasema.

Nikaenda. Nilipofungua, joto zito lilinipiga usoni. Mdogo wangu alikuwa amelala ameelekea ukutani, blanketi limemfunika yeye na mtoto. Paka aliyumba mbele ya miguu yangu, nikadhani ndiyo mikogo ya tamaa yake. Nikamkamata shingoni, nikarudi nyuma, nikaufunga mlango taratibu, nikalisukuma gunia kwa mguu mpaka likakaa sawasawa, baridi isije ikaingia.

Paka nilimtupa kwenye majani. Alilala pale mdomo wazi, baadaye akajikongoja akaenda zake. Nyumba ikatulia.

"Afadhali," mama mkubwa akasema, nami nikaona afadhali. Tukamaliza maharage yote. Nilifurahia ule ukimya.

Nilipopeleka uji nikaita mara mbili. Sikujibiwa.

Tuliwaburuta nje, majirani wakaja, gari dogo la mizigo likatufikisha hospitali. Mdogo wangu alizinduka kesho yake. Mtoto hakuzinduka. Daktari, kabla ya kuuliza kitu kingine, aliuliza kama kulikuwa na jiko la mkaa chumbani. Kisha akatueleza, mimi na baadaye mdogo wangu, kwamba mkaa uliokolea, hata usipofuka moshi, unatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na kwenye chumba kilichozibwa hewa hiyo inaua.

Msibani mama mkubwa aliwaambia watu kwamba paka ndiye aliyemchukua mtoto, na kwamba sote tulimsikia. Mimi mwalimu, niliyemcheka mchana ule, nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na maelezo yote ya daktari kichwani. Nikanyamaza. Katika hadithi yake hakukuwa na jiko nililolijaza wala mlango nilioufunga, na nilimshukuru kwa hilo, naona aibu kusema. Siku ya maziko vijana walimuua yule paka nyuma ya zizi. Nilisikia, nikaendelea kumimina chai.

Nilikaa na mdogo wangu mpaka siku ya kufungua shule. Jioni ya mwisho alikuwa kitandani, dirisha wazi, na maziwa bado yanamlowesha nguo. Kwa siku zile zote hakuwa ameniuliza kitu.

"Dada, ulipoingia kumtoa paka, mwanangu alikuwa anapumua?"

Sikuwa nimemtazama mtoto. Nilikuwa nimemtazama paka. Lakini nilimwona anavyonisubiri, nikatafuta la kumfariji.

"Alikuwa anapumua vizuri," nikamwambia. "Alikuwa amelala tu."

Alitazama lile dirisha wazi.

"Kumbe ungeacha tu mlango wazi," akasema, akageukia ukutani.